Wasinyamaze Gari Likipita Kalunguta

Butembo, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Kavira,

Kaa kwanza kitandani. Maji yaliyomo katika kikombe hiki nimeyachemsha mimi mwenyewe, yanywe. Ukishakunywa, soma mstari unaofuata, na baada ya hapo unaweza kulia, au kuniita, au kuendelea kusoma, kama moyo utakavyokutuma.

Koko wako, mama yangu mzazi, amefariki. Ametutoka leo mchana, nyumbani kwake Kalunguta, akiwa ameketi kizingitini anachambua maharagwe. Hakuugua wala hakuita mtu. Jirani alimkuta ungo ukiwa bado mapajani pake, akadhani amesinzia.

Nimeliandika neno hilo mapema kwa sababu najua jinsi linavyogeuka likicheleweshwa. Mengine yote katika barua hii yanaweza kungoja. Ukitaka kuiweka kando sasa, iweke. Mimi niko nyuma ya mlango wako, sikulala.

Alasiri ya leo, ulipokwenda kwa fundi kuchukua koti lako, sisi wakubwa tuliketi sebuleni: baba yako mkubwa Paluku, shangazi yako Masika, na mimi. Tulikuwa watoto watatu wa mama mmoja, na mama huyo alikuwa amelala Kalunguta amefunikwa kitenge. Hata hivyo hatukuanza na yeye. Tulianza na wewe. Ikakubaliwa kwamba usiambiwe. Usafiri na moyo mwepesi, ufike chuoni ng'ambo, upumzike, kisha padri wa huko atafutwe akuketishe na kukueleza polepole. Hiyo ndiyo desturi yetu, nawe umekua ukiiona: mtu hapigwi na habari ya kifo akiwa njiani. Hutafutiwa mtu wa kumwendea, hurudishwa nyumbani, huketishwa, hupewa maji, na wenzake humzunguka, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu. Siidharau desturi hiyo. Waliotuachia walikuwa wamewaona watu wakianguka njiani.

Lakini niliuliza, "Na pale Kalunguta, tukipita? Kavira atamtafuta koko wake. Jumapili aliahidiwa kwamba ataketi kando ya barabara ampungie mkono."

"Tutamuambia koko alienda ku shamba," shangazi yako akajibu.

"Shamba gani, Masika? Na hii vita, siku hizi nani angali anaenda ku shamba?"

"Kambale, usitusumbue. Batoto ba leo habaulizake mambo ya shamba."

Paluku akainua mkono. "Nilisha kupigia simu batu ba matanga. Gari yetu nyeupe ikitokea ku kona, banyamaze. Baache kuimba, bakae kimya mupaka ipite. Mutoto ako na ndege. Marehemu hana haraka."

Ndugu yangu si mtu mbaya. Alipokwisha kusema hayo alifuta macho kwa kiganja, akaomba chai. Nami nilinyamaza, na kwetu, kunyamaza kwa mdogo mbele ya mkubwa ni kukubali.

Kisha ukaingia na koti lako, ukalivaa mbele yetu sote, ukazunguka. Shangazi yako akapiga vigelegele. Sijui alivitoa wapi. Wakati wa kula ukanitazama sahani.

"Papa, juu ya nini hauko unakula?"

"Tumbo iko inanisumbua kidogo."

"Ni mimi njo naenda mbali, mais ni wewe njo uko na uoga!"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Na katika kicheko changu nikamsikia mtu mwingine akicheka, mtu niliyekuwa nikimsikia kwa miaka yote hii kila nyumba inapotulia. Ndipo nikajua kwamba sitaweza kukaa kando yako ndani ya gari lile nikitazama unavyopunga mkono kwenye kizingiti kitupu.

Habari za baridi ya huko, za karatasi zako za safari, za nani atakupokea, sitakuandikia. Shangazi yako amezisema zote, nyingine mara mbili. Nataka nikueleze chupa.

Unaijua chupa iliyo juu ya kabati, nyuma ya sanamu ya Mama Maria. Siku ulipopata diploma uliomba tuifungue, nami nikakukaripia mbele ya wageni, ukaingia chumbani kwako na kufunga mlango. Ulidhani ni divai ya Misa. Si ya Misa. Wala si yangu.

Unakumbuka mwaka niliopelekwa Ufaransa na kanisa, kuongezewa mafunzo ya katekesi, nawe ukabaki Kalunguta kwa koko. Nilikuwa mtu mzima tayari, mjane, mwenye mvi, nikijifunza upya jinsi ya kuwasha jiko. Kasereka wa Beni, mwalimu wa dini kama mimi, alikuwa mwenzangu wa chumba. Alitoka mtaa wa Bungulu, ambako mama yake aliuza mandazi mbele ya nyumba. Kila asubuhi alimpigia simu kabla ya kunawa uso, akimuuliza swali lile lile: "Mama, ulisha kunywa maji ya moto?" Nami nililala nikisikiliza, nikimwonea wivu kidogo, kwa kuwa mimi nilimpigia mama yangu Jumapili tu.

Msimu wa mavuno ya zabibu rafiki yetu Kossi, Mtogo mwenye maneno mengi, alikuja na wazo. Katika jimbo lile kulikuwa na treni ndogo iliyopita katikati ya mashamba ya mizabibu, kijiji baada ya kijiji. Unakata tiketi ya siku moja, unashuka popote, unaonja divai ya pale, unapanda treni inayofuata, na jioni umerudi. Mimi nilisita. Kossi akanicheka: "Ninyi makatekista, mnawafundishaje watu arusi ya Kana na hamjawahi kuuona mzabibu?" Tukaenda watatu.

Sitaki udhani siku ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Ilikuwa miongoni mwa siku nzuri za maisha yangu, na hilo ndilo linalonitisha. Vilima vilikuwa na rangi ya shaba. Mizabibu ilipangwa kwa mistari kama wanafunzi asubuhi, na ukungu ulikuwa ukipanda taratibu kutoka bondeni, hata Kasereka akasema, "Angalia, ni kama kwetu Lubero, mais balikata ndizi yote!" Abiria waligeuka kututazama jinsi tulivyocheka. Katika kijiji cha kwanza tulikula mkate wa vitunguu na kunywa divai changa, yenye povu, inayofanana na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya siku ya pili. Nilimkumbuka mama yangu akikamua ndizi, akionja yeye kwanza mbele ya wageni kuonyesha kwamba hakuna sumu, kisha akiwapa.

Treni ilikuwa imekwisha kuondoka kijiji cha pili simu yangu ilipotikisika. Ni mdogo wake Kasereka aliyeandika, kutoka Beni. Aliniandikia mimi, si ndugu yake, kama desturi inavyotaka: "Mukubwa Kambale, mama alitutoka leo asubuhi. Usimuambie bado. Umutafutie nafasi muzuri, umukalishe."

Nikainua macho. Kasereka alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana. Alikuwa akimfundisha Kossi wimbo wetu wa Kinande wa mavuno ya mtama na kumdhihaki matamshi yake. Nikairudisha simu mfukoni. Nikajiambia: hapa ni njiani. Jioni, chumbani, nitamketisha. Hadi hapo sikuwa nimekosa lolote, mwanangu. Nilikuwa nimebeba mzigo kama nilivyopewa.

Tukashuka kijiji cha tatu. Mama mmoja mzee, mwenye shamba, alituteremsha katika chumba cha chini ya ardhi, chenye mapipa na harufu ya mbao mbichi. Akatuwekea glasi na ndoo. Akatufundisha: unazungusha, unanusa, unaonja, halafu unatema ndani ya ndoo. Kasereka akashtuka kweli kweli.

"Mama," akamwambia kwa Kifaransa, kwa heshima, "kwetu, kutema pombe ya mwenye nyumba ni kumtukana. Na tena mwenye nyumba huonja yeye kwanza."

Yule mzee akacheka hadi akashika pipa. Akamimina, akanywa yeye kwanza, akameza yote, akamwonyesha glasi tupu. Tangu hapo walikuwa marafiki. Akamletea ya kwenye pipa la nyuma, ambayo hakuwapa wengine.

Wakati huo simu ikatikisika mara ya pili.

Ule ulikuwa mwaka wa ugonjwa mkubwa Beni. Utakumbuka ndoo za kunawia kila mlangoni, na jinsi wafu wote, hata waliokufa kwa uzee, walivyochukuliwa haraka na watu waliovaa mavazi meupe. Mdogo wake alikuwa ameandika: "Batu ba kuzika habangoji. Ni leo saa tisa. Umuambie tu, hata kama muko mu njia. Tutaweka simu karibu na kaburi aseme neno moja."

Saa za kule na za kwetu zilikuwa sawa msimu ule. Saa tisa ilikuwa haiko mbali. Na unaona, mwanangu, mzigo ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Wenye msiba wenyewe walikuwa wameniachilia kutoka katika desturi. Hakuna mzee yeyote wa kwetu Bunande ambaye angenilaumu. Nilichotakiwa kufanya ni kumgusa bega.

Sikumgusa. Nilitazama uso wake, ulivyokuwa umefunguka, na ule mwanga wa taa, na yule mama mzee aliyekuwa akimchekea, nikaogopa. Sikuwaogopa wazee wetu. Niliogopa sauti ambayo ingemtoka mle chini, mbele ya wageni. Niliogopa kwamba mimi ndiye nitakayeivunja siku ile. Nikachukua woga wangu nikauvika joho la desturi, nikasema moyoni: mtu haambiwi njiani.

Kasereka akainua glasi. Akamwaga matone mawili sakafuni, kama baba zetu walivyofanya, akasema kwa sauti, "Hii ni ya mama yangu, Bungulu. Aishi mupaka nimuletee chupa!" Akanigeukia. "Kambale, nipige picha, nimutumie mama."

Nikampiga picha. Kwa simu ile ile. Ilikuwa saa tisa.

Alinunua chupa. Akaizungushia sweta yake, akaipakata katika treni ya kurudi kama mtoto mchanga, akasinzia. Mashamba yalikuwa yakififia dirishani. Nami nilikaa mbele yake, magoti yetu yakigusana bado, nikikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, na nikasali rozari nzima bila kulisikia neno hata moja.

Jioni nilifanya yote kama inavyostahili. Nilimketisha. Nilimpa maji. Kossi alisimama upande mmoja, mimi upande mwingine. Nikasema. Kasereka hakuanguka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Alikufa saa gani?"

"Asubuhi."

"Na wewe ulijua saa gani?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia kuhusu ujumbe wa pili, kwa kuwa sikuweza kusema uongo mara mbili katika siku moja. Akaitazama ile chupa juu ya meza.

"Donc nilikuwa nakunywa kwa afya ya maiti," akasema. "Na wewe ukanipiga picha."

Hakupiga kelele. Aliomba ahamishiwe chumba kingine, akaiacha chupa mezani. Niliileta nyumbani ndani ya nguo zangu. Nilimpelekea Bungulu aliporudi. Aliniletea kiti, akanipa maji, akaniambia niirudishe nilikoitoa. Tunasalimiana tukikutana. Hatujala pamoja tena.

Niliungama, na padri akaniondolea. Naamini niliondolewa, nimefundisha watu hivyo maisha yangu yote. Lakini kila Misa, kikombe kinapoinuliwa, naona mkono wa Kasereka ukiinua glasi, nasikia jina la mama yake, nami nainamisha kichwa kabla ya kengele. Watu wa parokia husema mzee Kambale ana ibada. Ulikuwa ukinisifu hivyo wewe pia, ukiwa mdogo. Leo umejua.

Usidhani nakwambia uogope furaha ya huko. Marafiki wakikualika kwenye treni kama ile, panda. Tazama vilima, cheka, onja unachopewa, na mwenye nyumba akikushangaa mweleze jinsi koko wako alivyokuwa akionja kwanza. Siku ile haikuharibiwa na divai, wala na Wazungu, wala na umbali. Nami nimeishi nikijua kwamba mtu anaweza kumwibia mwenzake kilio chake, na akakifanya kitendo hicho kwa uso mpole, akiamini anamhurumia. Ukipewa siku moja neno la kumbebea mtu, litue upesi. Utaogopa. Litue hivyo hivyo.

Usiku huu, baada ya ninyi kwenda kulala, nilitoka uani nikampigia Kasereka. Sikuwa nimempigia tangu miaka ile.

"Kasereka, ni Kambale."

"Nilisha kuona jina."

"Mama yangu alikufa leo."

"Nilisikia. Pole, ndugu yangu."

Nikamweleza yote: kikao, ndege yako, gari jeupe, watu wa matanga walioambiwa wanyamaze.

"Kambale. Ile siku, kama ungeniambia, ningelia mbele ya bale Bazungu bote. Ningeanguka chini ku mapipa. Ungesikia haya sana."

"Najua."

"Mais ningesikia udongo ukianguka." Akapumua. "Muambie mutoto. Na usimukalishe sana."

Ndiyo maana nimekuketisha kwa kikombe kimoja tu cha maji. Nimekuandikia badala ya kusema kwa sababu mdomo huu uliwahi kunishinda, na sikuthubutu kuutegemea tena.

Sasa sikiliza mambo yalivyo, kwa kuwa uamuzi ni wako. Tutaondoka alfajiri. Magari ya Kasindi, mpakani tunakovukia kwenda kwenye ndege yako, yanatoka Beni kwa pamoja asubuhi, yakisindikizwa na askari. Ukisimama Kalunguta kidogo, ukamwona koko na kumgusa mkono, tutawahi. Ukitaka kungoja hadi azikwe, ni alasiri. Hatutawahi, tutalala Beni, na huenda ndege ikakuacha, na sijui kama chuo kile kitakungoja. Sitakwambia uchague lipi. Baba yako mkubwa atakasirika asubuhi, atanikasirikia mimi, na ana haki. Nitamjibu mwenyewe. Wewe usimjibu.

Na siku yangu mimi itakapofika, nimekwisha kuagiza. Watakupigia saa ile ile, uwe darasani, uwe sokoni, uwe kwenye treni na glasi mkononi. Anguka hapo hapo. Watu wa mahali hapo watakuinua. Mungu ana watu kila mahali. Halafu uombe simu iwekwe karibu na kaburi.

Chupa nimeishusha kutoka juu ya kabati. Iko ndani ya gari, chini ya kiti changu. Kasereka ataondoka Beni kabla ya alfajiri kuja Kalunguta, na nimemwambia ninakuja nayo. Hakunijibu juu ya chupa. Lakini nilimwomba jambo jingine, na hilo alilikubali: asimame karibu na ile kona, mbele ya watu wa matanga, na gari jeupe litakapotokea, wasinyamaze. Aanzishe yeye wimbo. Waimbe kwa sauti, uwasikie kabla hujawaona.

Baba yako,
Kambale